Jani la Sombe kwenye Kitako cha Bunduki

Mapendo, mama yangu,

Nakuandikia nikiwa barazani nyuma ya nyumba, mchana kweupe, kalamu mkono wa kuume, na wa kushoto nimeuinua kama mtu anayeapa mbele ya hakimu kwa sababu umejaa mafuta. Wewe uko Shively kwa Mama Furaha, unasukwa. Ulipotoka ulisema, "Papa, itachukua saa sita, usinisubiri kula." Bon. Saa sita zinanitosha. Hiki ninachokipaka nacho kinataka muda wake wa kukauka, na mtu anayesubiri mafuta yakauke ana mambo mawili tu ya kufanya: kuvuta sigara au kusema kweli. Sigara niliacha kambini.

Kesho asubuhi unapanda basi la kwenda Buffalo. Sitakuandikia habari za koti, wala kufunga mlango, wala wanaume, wala maombi. Koti unalo. Kwa maombi unanishinda. Na wanaume, wewe kazi yako ni kuwaogesha wazee wasiojiweza, umeshaona wanavyoishia. Mimi nikuongezee nini?

Nataka kukuandikia juu ya kitako cha bunduki. Najua ndicho kinachokutoa humu ndani. Mimi niliyesoma mpaka darasa la tano (lakini la tano la zamani, sio haya ya siku hizi), mimi niliyekula ugali katika nchi nne na kuchekesha askari wa mipaka yote, sikujua kwamba kipande cha mti kinaweza kumtoa mtoto nyumbani. Au nilijua. Utaona.

Siku ile uliingia kutoka kazini, viatu mkononi, ukakuta mti na chuma vimelala juu ya kitambaa cha meza yetu.

"Papa, ni nini hii?"

"Kazi ya Dale. Ni mti tu, mama."

"Na hii nyingine?"

"Hiyo ni bomba. Roho yake iko kwa Dale kabatini. Ilivyo hapa haiwezi kuua hata inzi."

Ukaanza kusema Kiingereza, polepole, ile sauti unayowasemesha wagonjwa wako. Nilishika maana yake yote: mama yako aliuawa na kitu kama hiki, na mimi nimekilaza pale tunapolia chakula. Nami nikajibu, "Basi leo tutakulia kwenye kochi." Hukucheka. Siku tatu baadaye ukaniambia umempata mjomba wako Zabuloni kwenye Fesibuku, umempigia, na ana chumba.

Dale unamjua, yule mzee wa ndevu za njano anayeendesha folklifti kazini kwetu, aliyekuletea boga kubwa kama kiti. Baba yake alimwachia bunduki ya kuwinda kulungu. Ilianguka kutoka kwenye gari, kitako kikapasuka pale shingoni. Wakati wa chakula alikuwa anawaonyesha watu picha kwenye simu, kwa huzuni, kama mtu anayeonyesha ng'ombe aliyevunjika mguu. Mafundi wa huku walimwambia anunue cha plastiki. Mdomo wangu unaujua.

"Mimi naweza," nikasema.

Wakacheka wote. "Byamungu, wewe kuna usichoweza?" Wiki iliyotangulia nilikuwa nimewaambia naweza kukamua ngamia.

"Kufa tu," nikasema. "Hilo nimejaribu mara nyingi, halinitoki vizuri."

Ungekuwa pale ungenikanyaga mguu chini ya meza. Lakini nisikilize. Unakumbuka Whitehall, tulipofika Columbus tu, nilivyowatangazia majirani wa lile jengo zima kwamba mwezi ukiisha Wamarekani watapanga foleni kununua vitanda vyangu? Wakanipeleka kwenye ghala ya samani. Nikafurahi, nikavaa tai. Kumbe ni viti vilivyolala vipande vipande ndani ya maboksi, kama maiti za ajali. Nchi hii mtu anauziwa kiti, halafu fundi wa kukitengeneza ni yeye mwenyewe! Nikabandika karatasi juu ya maboksi miaka miwili. Tukahamia huku Louisville, Beechmont, nikabandika karatasi juu ya maboksi mengine. Mtu aliyeitwa Fundi na mlima mzima akawa anaitwa "wewe, laini ya nne". Kwa hiyo Dale alipoonyesha ile picha, sikuona bunduki. Niliona mti.

Hiyo ndiyo kasoro yangu. Naona mti, sioni bunduki.

Aliniletea ubao mnene wa mti wanaouita walnati, uliokatwa shambani kwa baba yake na kukaa ghalani miaka. Rangi ya kahawa, mistari yake kama maji yanayozunguka jiwe. Nilipoupitishia randa mara ya kwanza ukatoa harufu, nikaacha chakula kikapoa.

Watu wanadhani ugumu ni umbo la nje. Hapana. Ugumu ni ndani, pale chuma kinapolala. Chuma kiguse mti sawasawa kila mahali, maana bunduki ikipigwa inarudi nyuma kwa nguvu, na pakiwa na nafasi hata ya unywele mti unapasuka. Kule kwetu nilikuwa nashikilia chuma juu ya kibatari mpaka kijae masizi, nakilaza ndani ya mti, nakitoa. Penye alama nyeusi ndipo panapobana. Unakwangua hapo na patasi, kidogo sana, unarudisha. Mara hamsini, mara mia. Hapa, masizi yangewasha kile king'ora cha jikoni kinacholia hata nikikaanga samaki. Donc, ile lipstiki yako nyekundu uliyoitafuta wiki nzima, ukamsingizia rafiki yako Chantal, ni mimi. Niliipaka kwenye chuma badala ya masizi. Imekwisha. Mwombe Chantal msamaha.

Halafu kuna kipimo. Kitako kizuri hakitengenezwi cha kila mtu; kinatengenezwa cha mkono wa mtu mmoja. Anakunja kiwiko, unaweka mwisho wa kitako kwenye ule mkunjo, na kidole chake kifike kwenye kifyatuo bila kujivuta. Dale alikuja wewe ukiwa kazini, akavua koti, akakunja mkono. Nikaushika. Mkono wa mzee, wenye madoa, wenye kovu. Nikasahau kuuachia, mpaka akaniuliza kama kipimo kimegoma.

Mkono wa kwanza kuupima namna ile ulikuwa mkono wa Safari.

Jina hilo hujawahi kulisikia kinywani mwangu. Safari alikuwa kijana wa kijiji chetu, kule milimani juu ya Uvira, miaka ishirini hivi, sawa na wewe leo. Alipiga ngoma kanisani. Mama yako alimpenda, akipita alimpa maziwa kwenye kikombe chetu cha wageni. Akajiunga na wale watu wa bunduki waliokuwa wakishuka na kupanda. Siku moja akarudi na bunduki isiyo na kitako, nyuma amefunga mpira wa baiskeli.

"Fundi, inaniumiza bega."

"Wewe bega lako limezoea ngoma," nikamtania. Nikampima.

Nilikitengeneza kwa mvule, siku tisa. Kabla ya kung'arisha, niliulowesha mti kwa kitambaa, nikaupitishia joto la pasi ya makaa, zile nyuzi zilizolala zikasimama kama nywele za mkono wenye baridi, nikazikata. Nikarudia. Usipofanya hivyo, mvua ya kwanza zinasimama zenyewe. Kisha nta ya nyuki, mpaka ukawa unaona dirisha ndani yake. Na kwa sababu mimi ni mimi, ambaye sijawahi kuchonga hata mwiko bila kujitia ndani, nikakata upande unaoguswa na shavu jani la sombe, lile jani la muhogo, vidole vyake vyote saba, mshipa katikati.

Wakaja wengine. Msimu wa mvua ulipoisha nilikuwa nimetengeneza kumi na kimoja. Ningependa kukuambia ilikuwa njaa. Ningependa kukuambia walinielekezea mtutu kichwani. Hapana, mama. Walikuja, wakakaa kwenye benchi langu, wakasema, "Fundi, kutoka hapa mpaka ziwani hakuna kama wewe," nami nikakubaliana nao. Walisema ni za kulinda ng'ombe. Sikuuliza ng'ombe wa nani.

Mama yako ndiye aliyeuliza.

"Baba Mapendo, hizo unazotengeneza zinaenda wapi?"

"Begani, mama. Zinaenda begani."

Niliona ni jibu zuri sana. Nililipeleka kwa wanaume wenzangu, wakacheka mpaka wakashika mbavu. Mama yako Esta aliendelea kupepeta maharage. Hakuuliza tena.

Sasa asubuhi yenyewe. Unadhani unaijua. Umekua nayo, nimeisimulia kwenye harusi, kwenye ubatizo, kwenye sherehe yako ya kumaliza shule mpaka mchungaji akamwagikiwa na fanta. Watu wa bunduki wamefika mlangoni. Mimi nimekohoa kikohozi cha kaburini, nikawaambia, "Karibuni, waheshimiwa, ila humu tunatapika damu," na wale mashujaa wakakimbia wakiangusha kofia. Halafu tumetoka, tumekimbilia bondeni, na mama yako risasi ikamkuta njiani. Shuleni uliiandika kwa Kiingereza, mwalimu akaibandika ukutani, ukanishika mkono ukanipeleka kuiona. Nilisimama mbele ya karatasi ile. Maneno sikuyaweza, lakini pembeni ulikuwa umechora jani la sombe, vidole saba.

Hakuna aliyekohoa, Mapendo.

Ilikuwa saa ya kukamua. Mama yako alikuwa ametoka, ameenda nyumba ya jirani kwa dada yake aliyejifungua siku tatu kabla, amempelekea uji. Wewe ulikuwa na miaka minne, umekaa miguuni pangu unacheza na takataka za randa. Nikasikia viatu. Nikasikia kelele nyumba ya kwanza, upande wa juu. Nikakunyakua, nikakuziba mdomo kwa mkono huu wa kushoto, nikasimama nyuma ya mlango. Mlango wa fundi, ndiyo, na ulikuwa na ufa. Kwenye ufa nikaona jani langu. Kipande cha mvule kinachong'aa, na jani, karibu kama unavyoshika kitabu usome. Nikasikia sauti ya Safari.

"Hapa hapana. Huyu ni fundi wetu."

Wakapita. Wakaenda nyumba ya jirani.

Safari, Mama Mapendo yuko humo. Maneno matano. Nimeyahesabu mara nyingi kuliko siku nilizoishi. Mtu aliyekunywa maziwa yake kwenye kikombe cha wageni angesikia, labda. Sijui. Sitajua. Mimi ambaye sijawahi kukosa neno mbele ya askari, mbele ya maofisa wa wakimbizi, hata mbele ya Mungu, nilikosa maneno matano. Wewe ulikuwa unaning'ata. Kovu hili la kiganja, ambalo siku zote nimekuambia ni la patasi, ni meno yako.

Na hapa nisikie vizuri, usije ukajibebesha. Usiseme Papa alinyamaza kwa ajili yangu. Nilijaribu kujiambia hivyo kambini, miaka, na ingekuwa kweli ningekuwa nalala. Wewe ulikuwa umeshapona. Fundi wao alikuwa ameshapona, yeye na mtoto wake; walikuwa wameshasema. Nilinyamaza kwa sababu nilifurahi. Muda mfupi tu, mfupi kama kupepesa jicho, nilipoambiwa "fundi wetu", moyo wangu ulifurahi kwamba kazi yangu imetambuliwa. Halafu nikaogopa kuharibu. Halafu wakawa wameshaingia.

Nikakufunga mgongoni, nikatokea nyuma, nikashuka bondeni. Mama yako hakufa njiani. Hakuwa njiani na sisi kabisa. Sikumzika.

Aliyemzika ni Zabuloni. Alipanda kutoka kijiji cha chini siku ya pili, akawazika dada zake wote wawili na kile kichanga. Miezi mitatu baadaye akatukuta kambini Tanzania, ng'ambo ya ziwa. Nilikuwa nimekaa na wanaume nje ya hema. Nikamwekea kigoda. Hakuketi.

"Shemeji," akasema, "nyumba saba zimeungua. Yako ina mlango."

Hapo ndipo nilipoanza kukohoa. Ndiyo mara ya kwanza, mama. Niliitunga pale pale, nimesimama, na mikono yangu inaigiza zile kofia zinavyoanguka. Wanaume wakacheka, walikuwa na miezi mitatu hawajacheka. Zabuloni hakucheka. Yeye analo lile jani kwenye kitanda nilichomchongea siku ya harusi yake, na watu waliopona walikuwa wameshamwambia walichokiona kwenye bunduki.

"Nakuachia mtoto kwa sababu ananyonya kidole na anakulilia wewe," akasema. "Siku akiniuliza, nitamjibu."

Hatukuongea tena mpaka wiki hii. Amenipigia nikiwa kwenye maegesho ya kazini.

"Mlete. Chumba kipo. Lakini nyumbani kwangu mtoto hadanganywi."

"Nimesikia, shemeji."

"Umesikia, au unatafuta cha kuchekesha?"

"Nimesikia."

Na kweli nilikuwa natafuta. Sikupata.

Kwa hiyo usidhani baba yako amekuwa shujaa uzeeni. Kama usingeenda Buffalo, ningeisimulia ile ya kukohoa kwenye harusi yako, na kwa watoto wako, mpaka ninafukiwa. Nakuandikia kwa sababu Zabuloni atakuambia. Nimetaka tu ufike unajua, usije ukanitetea. Hilo ndilo linalonikosesha pumzi: wewe, na kichwa chako kile kigumu, ukigonga meza ya watu Buffalo ukisema, "Papa yangu aliwakoholea," na wao wanatazama sahani.

Kuna na lile jani la kwenye mkono wako. Siku uliyorudi umelichora kwenye ngozi, ndani ya kifundo, bado limevimba, ukasema, "Ona, Papa, alama yetu," nilipiga kelele mpaka jirani akagonga ukuta. Ukadhani ni mambo ya kanisa, ukanitajia mistari ya Biblia. Sio kanisa. Nililiona pale, jekundu pembeni, kama nilivyoliona kwenye ule ufa, ila sasa limekaa juu ya kitu chenye uhai. Nasikia kuna madaktari wanaofuta kwa taa. Sijui kama inauma kuliko kuchora. Usilifute kwa ajili yangu, wala usilibakize kwa ajili yangu. Kwa zile kelele naomba msamaha. Kwa hayo mengine sikuombi kitu, ningekuwa nakutwika mzigo.

Wazazi wakiandika barua kama hii huweka na mafundisho. Mimi ninalo moja, na sijalifaulu. Nimechekesha watu nchi nne, na katika nchi zote nne hakuna aliyeniuliza mara ya pili kilichotokea. Ukimfanya mtu acheke, anaona aibu kuuliza tena. Mimi nilijua hivyo, ndiyo maana nilichekesha. Na wewe tabia hiyo unayo. Nimekusikia kwenye simu na Chantal. Akikaribia kukuuliza kitu cha maana unamtupia mzaha, naye anacheka, mnaendelea na mambo ya nywele. Umeichukua kwangu, kama pua. Pua haina dawa. Hiyo nyingine, ukiweza, iache ukiwa bado kijana. Mwache mtu mmoja akuulize mara ya pili.

Dale alipita jana kukiona kitako. Akakishika, akakiweka begani, kidole kikafika pale pale. Mzee yule akafumba macho. Akasema ni kama mkono wa baba yake umerudi. Nikamuuliza swali ambalo sikuwahi kumuuliza mteja wa bunduki.

"Dale, hii inaenda wapi?"

Akanishangaa. "Msituni, kwa kulungu. Halafu kwa mjukuu wangu. Kwa nini?"

"Nauliza tu."

Lilikuwa swali la mama yako. Limenichukua miaka kumi na sita kulisema, na nililisema kazi ikiwa imeshakwisha.

Halafu akaniambia, "Weka alama yako, Byamungu. Kama ile ya kwenye mwiko wenu."

"Sina alama," nikamjibu.

"Kila fundi ana alama."

"Mimi jina langu liko kwenye karatasi za maboksi, laini ya nne."

Akacheka. Ona, bado nafanya.

Na sikufichi la mwisho, maana nimeshaanza. Nilidhani mikono yangu itakataa. Nilidhani nikifika kwenye mafuta, ambapo unapaka tone dogo na kusugua kwa kiganja mpaka joto la mwili liyaingize ndani, nitashindwa, nitakitupa, nitakuja kugonga mlango wako nilie, uniambie nyamaza Papa, ubaki. Mikono haikukataa. Kiganja kikapata moto, hiki hiki chenye meno yako, mistari ikaamka ndani ya mti, nikawa nimefurahi. Furaha ile ile, Mapendo. Kama mtu angegonga mlango saa hiyo na kusema "fundi wetu", ningefungua. Nimezunguka nusu ya dunia, nimezika jina langu kwenye maghala, na mtu yule yule bado yuko humu ndani, ananusa mti. Usikae ukisubiri atoke.

Ukiwa unasoma hapa umeshajua barua imekukutaje. Leo alfajiri nimekaanga mandazi, usiku ukilala nitayapanga kwenye lile bati la bluu la biskuti. Kumi juu, barua katikati ndani ya mfuko wa plastiki, kumi chini. Nakujua. Hutafungua bati mpaka mpite Cincinnati, utawagawia majirani wa kiti, na mkifika Columbus unapobadilisha basi utakuwa umefika kwenye plastiki. Nimehesabu makusudi ili nisiwe karibu. Ni woga, ndiyo, na sasa unautambua, ni ule ule. Kesho kituoni nitakufanyia mzaha juu ya nywele zako mpya, nitamwambia dereva akuendeshe kama mayai, utakunja uso, utanikumbatia au hutanikumbatia, na utakuwa hujui. Nimekuibia saa ile ya mwisho nikaitumia mimi.

Hapo Columbus kuna na basi la kurudi Louisville. Mlango wake uko upande wa mashine za soda; tulilipanda tulipohama Whitehall, ulilala begani mwangu njia nzima. Sikuambii ulipande. Najua hutalipanda, si kesho wala mwakani. Namba yangu ya simu sitaibadilisha. Sio kwamba nategemea italia.

Nasikia gari la Mama Furaha limesimama mbele. Unacheka, sijui amekuambia nini. Nikigusa mti kwa kidole, haunati tena, mafuta yameshika. Ngoja nikifunike, usikikute mezani siku yako ya mwisho, halafu nije nizisifu nywele.

Mandazi kumi yaliyobaki chini ya barua hii nimeyakanda kwa mikono hii hii, sina mingine. Kama yatakataa kupita kooni, usiyatupe. Kwenye basi hakosekani mtu mwenye njaa. Mpe. Akisema ni matamu, usimwambie ni kazi ya nani.

Papa